Rapport ya Stage ya Myriam

Mu taxi-bus ya Hewa Bora, binti moja aliikala mbele yangu na casque ya chantier, ile kofia ya nguvu ya kazi, ku magoti, ingali na plastiki yake. Papa moja pembeni yake, badge ya mine mu shingo, akamuuliza kama anaiuzisha.

"Ni ya stage, papa!" Binti alijibu na kasirani. "Ku université banatuambia tutajifunza kazi mu mine. Miezi tatu nilifanya photocopie na chai! Masini ya kuponda mawe sikuionaka hata siku moja. Rapport nilikopia ya mukubwa wangu wa ku université. Na yeye alikopiaka."

"Ile masini tuliibomoaka, miaka ine sasa. Mu marapport yenu njo ingali inaponda."

Binti akageuka muzima. "Weye njo unasomaka marapport?"

"Njo miye nasainiaka. Jina?"

"Myriam."

"Eh, Myriam! Nilikupa kumi na sita ju ya makumi mbili. Ile masini uliieleza muzuri sana."

Myriam akapasula ile plastiki, akavala casque.

"Basi twende sasa. Unionyeshe fasi yenye ilikuwaka."

Papa akapiga bati ya taxi-bus. "Arrêt! Arrêt!"

Akashuka mbio, peke yake. Mine ilikuwa ingali mbali.