Mwalimu Valentino Lukasi: Daftari Halikutoka Mkononi Mwake

Marehemu Mwalimu Valentino Lukasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Hale, Korogwe, mtoto wa pili wa mzee Lukasi, mkata mkonge, na mama Efrazia. Alisoma shule ya msingi hapohapo Hale, akahitimu ualimu mwaka 1988, na kufundisha Handeni hadi alipostaafu mwaka 2021.

Tarehe 5 Juni 1993 alifunga ndoa na Ritha, muuguzi, huko Lutindi. Marehemu hakukaa kikao bila kuorodhesha mahudhurio na kila mtu kusaini, hata kikao cha harusi yake mwenyewe. Mchumba wake alimtania, "Mwalimu, na mimi nisaini, au nitajulikana tu kwamba nilikuwepo?" Alisaini.

Baada ya kustaafu aliongoza kuanzisha chama cha wasaidizi wa sheria huko Chanika, Handeni. Agosti 2023 chama kiliandika barua kuuliza walipo vijana wanne waliokamatwa bila kufikishwa mahakamani. Wiki mbili baadaye chama kilifutwa. Wanachama kumi na mmoja waliitwa kuhojiwa, kila mmoja akaonyeshwa saini yake kwenye daftari la mihtasari ya vikao. Marehemu alishikiliwa siku kumi na tisa, bila dawa zake za presha.

Alipotoka, mwanachama mwenzake, Mama Mwanaisha, alimkabili sokoni mbele za watu. "Mwalimu, tulisaini kwa kukuamini wewe. Umetuuza?" Wengi waliacha kumsalimia.

Presha haikutulia tena. Novemba 2024 alipata kiharusi. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Familia inasema kweli leo, kwa kuwa yeye hakuisema hadharani. Daftari lilitunzwa na katibu wa chama. Katibu ndiye aliyelikabidhi, kisha akanyamaza mwenzake alipotukanwa. Marehemu alilijua hilo akiwa mahabusu, kwa kuwa mpelelezi alimwonyesha hati ya makabidhiano. Tulipomsihi ajitetee, alijibu, "Ana watoto wadogo yule. Jina lake lisitajwe." Jina hatulitaji. Cheo hakukikataza.

Ameacha mjane, watoto wawili, Glory na Deogratius, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake.

Mwenyezi Mungu ampe amani tuliyomnyima.