Aliyekuja Kupima Baraza

Kijiwe cha barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, hakina kibao wala hakikihitaji. Ni benchi moja refu la mninga mbele ya duka la mikate la Massoud, limeziba nusu ya mlango, na alasiri yoyote ukiwataka hawa watu utawakuta hapo. Mzee Abass, aliyepewa jina la Meneja kwa kuwa zamani alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la mkonge, na mpaka leo akikaa anakagua watu. Haidar wa Horohoro, Mpemba mwenye lori, hana hadithi isiyofika mpakani. Na Luka Bunge, mtu wa Muheza, ambaye ukimpa nafasi ya kusema hairudishi. Muuza kahawa anamimina kahawa, wao wanamimina maneno. Massoud mwenyewe siku hiyo alikuwa ndani, anapangusa kaunta iliyokwisha kupanguswa, roho juu.

Wajua kwa nini? Alikuwa ameleta mshauri wa biashara. Duka linakufa. Tanuri alilojenga marehemu baba yake siku hizi linawaka nusu siku, na mikate bado inalala. Praxeda, binti wa Lushoto mwenye ofisi yake Raskazone, alilikagua duka wiki nzima, akamaliza kwa neno moja: benchi liondoke mlangoni. Na neno hilo Massoud alikuwa analijua kabla hajamleta. Kilichomshinda ni kulisema. Utawaambiaje watu waliomzika baba yako waondoke barazani kwake? Basi akamwomba Praxeda aje leo alitamke yeye. Wengi wenye maduka huwaita washauri kwa ajili hiyo hiyo, ila hawaambiani.

Nje wazee walijua mshauri yupo ila shauri lake hawakulijua, na kwa kutojua ndiyo wakawa na mengi ya kusema.

— Mie hili linanishangaza, alianza Luka. Mtu na duka lake, kazaliwa humo, anamlipa mtu baki amfundishe kuuza mkate. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa hiyo mshauri ni wa mtu aliyekosa mama.

— Mama yake Massoud yu hai, yuko Tongoni, akasema Mzee Abass. Usimuue.

— Yakhe, nyie hamjui, Haidar akadakia. Pale Horohoro kuna jamaa anauza ndoo. Akaleta mshauri. Mshauri akamwambia badilisha jina la duka, hili limechoka. Akabadilisha. Kesho yake watu wakaja na rambirambi, wakidhani mwenye duka kafa.

— Akafanyaje?

— Akazipokea. Utakataa rambirambi?

— Sasa huyu wa Massoud si wa majina, Luka akashusha sauti. Juzi nimemwona kwa macho yangu haya. Kainama hapa barazani na futi kamba. Anapima mlango, anapima benchi, anaandika. Mshauri wa mikate anapima baraza ya nini?

— Ya nini?

— Mali ya Mjerumani.

Tanga hii ukitaka watu wanyamaze, taja mali ya Mjerumani, ile inayosemwa aliifukia alipokimbia vita. Kuna waliochimba mpaka choo cha jirani.

— Mjerumani akazike dhahabu chini ya tanuri la mikate ya mofa? Mzee Abass akauliza.

— Dhahabu ilitangulia, tanuri likafuata. Kwani mikate ya marehemu mwadhani ilipata wapi rangi ile?

— Kikulacho ki nguoni mwako, Haidar akatikisa kichwa. Ndiyo maana mie kanzu zangu zote nimeshona bila mfuko.

Kule ndani Massoud akacheka, kisha akaweka kitambaa chini. Rangi ile aliikumbuka. Zama zile watu wa reli na wa bandari wakitoka zamu walijaa hapa na jasho lao na grisi zao, kila mmoja anangoja mofa wake wa moto apeleke nyumbani. Benchi liliwekwa kwa ajili yao, wasingoje wima. Baba yake alikuwa akisema duka lisilo na watu barazani ni kaburi lenye kufuli. Naye mtoto akaamini, na mpaka mvi zinamwota akawa anaamini. Zamu zikaisha, walioachishwa kazi wakaendelea kukaa, na kununua mkate kukawa kazi ya wanawake. Sasa mwanamke wa Tanga mwenye haya zake hatapenya katikati ya magoti ya wanaume, amwamkie huyu na yule ndipo aifikie kaunta. Anapita ng'ambo ya barabara. Massoud aliwaona wakipita ng'ambo kila siku, akageuka akatazama vichwa vya barazani, akajiambia duka lina watu. Wallahi, siku zile alizipenda kuliko duka lenyewe.

Bajaji ikasimama, akashuka Praxeda.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, wakajibu, na Luka akajivuta kumpisha, lakini hapakuwa na pa kujivutia.

— Nina swali moja tu, kisha niwaache na kahawa yenu. Mikate ya nyumbani kwenu mnanunua wapi?

Luka Bunge akamgeukia muuza kahawa, akaomba kikombe kingine. Haidar akatazama ndani ya kikombe. Kwake unaliwa mkate wa kwenye nailoni, wa duka la ng'ambo, na alikuwa akiula kila asubuhi bila kuuwazia. Safari hii hata Horohoro haikumsaidia.

Praxeda akamtazama Massoud, neno la benchi akamwachia mwenyewe. Mzee Abass akayafuata macho yake, akaelewa.

— Massoud mwanangu, una neno na sie?

— Huyu dada ndiye atakaye...

— Huyu mgeni, hana kosa. Nakuuliza wewe. Babako alikuwa na ulimi mkali. Ukimkera alikwambia ondoka, na kesho ukirudi mnacheka. Hakutafuta wa kumsemea. Sema.

Massoud akatoka mpaka kizingitini. Uso ulimwaka kwa aibu.

— Naona haya, baba. Lakini duka linakufa. Naomba benchi lihamie ng'ambo, pale ukutani kwa fundi cherehani. Wake zenu hawana pa kupita.

Haidar na Luka wakaangaliana. Mzee Abass akainuka polepole, akashika ncha ya benchi, likamshinda, akaliacha. Kisha akampita Massoud akaingia ndani. Miaka yote ile ameukalia mlango, na humo hakuwa ametia mguu tangu marehemu azikwe. Akasimama mbele ya kaunta kama mteja yeyote.

— Mkate wa mofa bei gani siku hizi?

Massoud bei aliijua. Akaitaja, akaufunga mkate kwenye gazeti, akampa kwa mikono miwili.