Dada Aliyenyunyizia Shamba Maji Matupu

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956. Wazazi wetu walijaliwa watoto wawili tu, yeye na mimi mdogo wake ninayewasomea wasifu huu, kwa hiyo wa kutumwa nilikuwa mimi peke yangu.

Alisoma kuanzia mwaka 1964 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1970. Hesabu alizimudu, zake na zangu, mpaka mwalimu alipoutambua mwandiko. Tulichapwa wote wawili.

Tarehe 20 Agosti 1977 aliolewa na shemeji yetu, fundi cherehani, mtu asiye na makuu. Walijaliwa watoto watatu.

Kazi yake ilikuwa kilimo. Tuligawana shamba la wazazi nusu kwa nusu, mpaka wetu ukiwa mfereji. Kwa miaka mingi tulilima sawasawa: mbolea ya dukani, dawa ya kuua wadudu, dawa ya kuua magugu. Udongo ukawa mgumu kama sakafu, na kila msimu ulidai mbolea zaidi. Mwaka 2009 bibi shamba alimfundisha kutengeneza mboji, kufunika udongo kwa mabua na kupanda maharage katikati ya mahindi. Dada akaacha dawa zote, mara moja. Msimu huo magunia yalishuka kutoka ishirini na mawili hadi tisa. Nikavuka mfereji kumgombeza: “Dada, utawaua watoto kwa njaa!” Shemeji alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani: “Tutakula kidogo, shemeji. Udongo anaujua yeye. Mimi najua kushona.”

Msimu uliofuata nilimwona na pampu mgongoni, akinyunyizia mistari yote. Nikatangaza kila mahali kwamba dada amerudiwa na akili. Mwaka wa nne mahindi yake yakayapita yangu kwa mbali, nami nikaenda kinyenyekevu kuuliza anapiga dawa gani. Alicheka mpaka akakaa chini. Akafungua kifuniko cha pampu, akasema, “Onja.”

Yalikuwa maji ya kisima.

“Ulinicheka mno, mdogo wangu,” alisema. “Ukiniona na pampu, unaniacha nilime kwa amani.”

Sikumsemesha wiki mbili. Majirani kumi na wanne walikwenda kujifunza kwake. Mimi niliendelea na dawa zangu, kwa kiburi tu.

Tarehe 3 Februari 2023 alipata kiharusi. Alipoteza nguvu za upande wa kulia, lakini ulimi ulibaki mzima, na kutoka kitandani alitusimamia sote shambani kupitia dirisha. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 6 Juni 2024, shemeji akiwa amemshika mkono.

Ameacha mgane, watoto watatu, wajukuu wanane, na mdogo wake mmoja.

Huyo mdogo wake ana jambo la kusema. Msimu huu nimelima upande wa chini wa shamba langu, usioonekana kutoka dirishani kwake, bila dawa hata tone. Nimeweka mboji. Nimepanda maharage katikati ya mahindi. Nilitaka nivune kwanza ndipo nimwambie, maana niliona haya kushindwa mbele yake. Zilibaki wiki tatu.

Dada, ulikuwa sahihi. Ningekuambia ukiwa hai, ungenicheka, na leo ningetoa chochote nisikie kicheko hicho.

Upumzike kwa amani, dada yangu, katika udongo ulioupenda.