Yunis Mlowe, Mama Mkwe Aliyesema Yake

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Mama Yunis Mlowe wa Lyamkena, hapa Makambako, muuza mbao. Tumemzika Alhamisi. Shinikizo la damu ndilo lililomchukua. Nalisema mapema, maana mtaani watu hawachelewi kutunga yao.

Alizaliwa Matembwe, akaolewa na mwinjilisti Efraimu, akabaki mjane na mtoto mmoja, Remmy. Mbao aliuza mwenyewe. Ukimletea mbao mbichi ukadai imekauka, alikutazama tu mpaka uipakie tena garini. Mimi niliwahi kununua kwake za kuezekea, nikaomba anipunguzie. Akaniuliza kama huku redioni na mimi huwa napunguza maneno.

Sasa sikilizeni alichokifanya. Mwaka jana mkwewe, Anneth, alipima virusi vya HPV, vile vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Majibu yakaja: vimeonekana. Muuguzi akamwambia hiyo si saratani, ila lazima aende Njombe akaangaliwe mlango wa kizazi wenyewe. Narudia, wapendwa: si saratani, ila lazima uende.

Remmy aliposikia kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, akawaka. Akataka kujua mkewe kavitoa wapi. Akasema Njombe haendi mtu mpaka aambiwe. Anneth, kwa aibu, akaanza kufunga nguo arudi kwao. Kipimo hakikuwa tena akilini mwake.

Mama Yunis akaweka kikombe chini.

"Na mimi nilikutwa navyo, nikaenda, nikatibiwa," akasema. "Haya, Remmy, niulize na mimi nilivitoa wapi. Niulize, na baba yako alikuwa mwinjilisti."

Remmy mwenyewe ananiambia alitamani ardhi ipasuke. Mama akamweleza kama alivyoelezwa yeye: virusi hivi hukaa mwilini kimya hata miaka mingi, wengi wetu tunavipata, na kipimo hakisemi nani kamletea nani. Kesho yake alifunga duka akampeleka mkwewe Njombe. Wakakuta mabadiliko ya mwanzo tu, yakatibiwa. Anneth akapangiwa tarehe ya kurudi baada ya mwaka.

Tarehe yenyewe ikaangukia Jumatano hii, turubai la msiba limefungwa uani. Anneth akasema ataenda siku nyingine, kwani mkwe gani anaacha msiba? Wazee wakaafiki. Remmy akakataa. Akampeleka yeye mwenyewe, watu wakanung'unika, na mimi nasema wacha wanung'unike. Anneth kaangaliwa, yuko salama. Alhamisi, mbele ya jeneza, aliinama akasema maneno mawili: "Mama, nimeenda." Nililia, sifichi.

Remmy, Anneth na ukoo wote wa Mlowe, poleni sana. Mungu awafariji.

Na wewe uliyeambiwa urudi ukaangaliwe, ukaficha majibu kwa kuogopa maswali ya nyumbani, jifikirie. Nenda kesho. Mwenzio akikuuliza umevitoa wapi, mwambie utamjibu ukirudi kutoka hospitali.