Punje ya Natália Katika Jicho la Baba

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Natália Furtado hatunaye. Mkemia wetu wa hapa Fall River, Natália, ametutoka Jumamosi. Moyo ulisimama ghafla, akiwa anapanga viti vya wageni.

Mlimjua. Alikuwa hakai kitini. Kanisani alisimama mlangoni akichezesha funguo. Supu aliinywa akitembea. Dada yake, Odete, anasema: "Mama alikuwa akimuuliza, 'We mtoto, kiti kina siafu?'"

Na mtu huyo asiyetulia akachagua kazi ya kungoja.

Baba yao, mzee Adelino, alikuwa anapoteza macho. Kila mwezi, sindano ndani ya jicho. Dawa yenyewe ni protini inayozalishwa na chembe hai, na jichoni haikawii kwisha. Mzee akaanza kukwepa kliniki. Leo gari bovu. Kesho mafua. Natália alijua: akizidi kukwepa, atapofuka.

Ndipo akaifungia dawa ile ndani ya punje za polima, plastiki inayoyeyuka mwilini polepole. Punje ikiyeyuka kidogo, dawa inatoka kidogo. Sindano moja, miezi mingi.

Lakini angoje miezi mingi aone kama inatoka? Natália? Thubutu! Akazitia punje kwenye chupa, akaziweka katika kabati la joto kali, mambo yaende mbio. Yakaenda. Dawa ikatoka, maabara alikofanyia kazi kule Cambridge ikashangilia, keki ikakatwa.

Mwenzake, Wendell Pruitt, akamuuliza huku anatafuna: "Dada, imetoka, sawa. Imetoka hai?"

"Kula keki yako, Wendell."

Lakini goti likaanza kumchezacheza. Kipimo chake kilionyesha protini imetoka. Hakikuonyesha kama bado inatibu. Akaijaribu. Imekufa. Joto lile, pamoja na asidi ya polima inayoyeyuka, vimeigandisha kama ute wa yai kikaangoni.

Akaenda moja kwa moja kwa baba. "Nimekosea, baba. Naanza upya. Safari hii nitangoja, kwa joto la mwili tu."

"Wewe? Ungoje?" Mzee akacheka mpaka akapaliwa. "Haya, tuwekeane ahadi. Wewe ngoja, mimi niende sindano."

Odete anasema simu zao zilikuwa kichekesho. "Umeenda, baba?" "Nimeenda. Kabati umelichokonoa?" "Sijaligusa!" "Mwongo mkubwa!"

Natália akaongeza chumvi ya kutuliza asidi. Akangoja, akizunguka lile kabati kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba akaenda sindano, akilalamika njia nzima. Na dawa ikatoka polepole, ikatoka hai. Madaktari wengine wakaijaribu kwa wagonjwa, na mzee akapanga foleni kama watu wote. Majira haya ya kuchipua, punje ikaingia jichoni mwake.

Jana, mbele ya jeneza, Odete alitaka kumshika baba yake mkono. Mzee akaukataa. Akainama mwenyewe. "Namwona," alisema. "Hata lile kovu la kidevu, la kuanguka na baiskeli. Namwona."

Mzee Adelino, Odete, na nyote mliozoea kujaa jikoni mwa Natália, poleni sana. Nawe unayesikiliza umeshika funguo, una jambo gani jema unalolikimbiza hadi linafia njiani? Keti kidogo. Natália amezikwa. Punje yake, saa hii tunapozungumza, bado inatoa dawa katika jicho la baba yake.