Moteri Mpya za Nasiri

Ukitoka soko la Kamembe ukashika njia inayoteremka msikitini, utakuta benchi refu mbele ya mlango wa Zulaikha, muuza kahawa ya tangawizi. Asubuhi ile ya Jumanne waliokaa hapo walikuwa watatu. Twahiru, fundi wa redio na pasi, kila mtu alimwita Volti. Akilimali walimwita Duane, yaani forodha, kwa sababu miaka ishirini alikuwa akiwapitishia wafanyabiashara mizigo yao pale mpakani, Rusizi ya Kwanza. Wa tatu alikuwa Nasiri, seremala, mwenye karakana upande wa pili wa barabara. Yeye hakuwa na jina la utani, ingawa tangu Jumamosi watu walikuwa wameanza kumtafutia. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, kikombe kimepoa mkononi, akisikiliza wenzake wakilizungumza jambo lake, mashine yake kuharibu ubao wa mteja Jumamosi, kana kwamba hayupo.

— Mimi nasema ni moteri zenyewe, alianza Volti. Moteri kubwa iko na kiburi. Zile za zamani zilikuwa ndogo, zinasikia. Hii unaiambia enda kushoto, inajiuliza kwanza: huyu anayenituma ni nani?

— Moteri haina kichwa, Volti.

— Iko na kichwa! Kiko ndani, kimefungwa na shaba. Duane, mimi nimefungua moteri zaidi ya mia mbili. Wewe umefungua nini? Marobota ya vitenge.

Zulaikha alicheka, akaongeza makaa kwenye jiko. Nasiri hakucheka.

Mashine waliyokuwa wakiizungumza aliiunda mwenyewe kwa miaka miwili. Ni meza ya chuma yenye kichwa cha kuchonga kinachotembea juu yake kushoto na kulia, mbele na nyuma, kikifuata mchoro ulio kwenye kompyuta. Moteri za kwanza, zile injini ndogo za umeme zinazokisogeza kichwa, zilikuwa dhaifu. Ziliweza mbao laini tu, na kwenye mti mgumu zilikwama zikilia kama mbuzi. Kwa hiyo mwezi uliopita aliagiza moteri kubwa, pamoja na vile visanduku vinavyoziamuru zizunguke, ambavyo mafundi huviita draiva. Aliyekuja kuzifunga ni Christophe-Aimé, fundi wa umeme kutoka Bukavu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi.

— Basi si moteri, alisema Duane. Ni umeme. Umeme wetu unatoka wapi? Mtoni. Na mto uko wa nani? Nusu wetu, nusu wa ng'ambo. Siku ile ilipita ile nusu ya ng'ambo. Umeme umezoea mambo ya kule, unafika huku unakuta kompyuta ya Kamembe. Batasikilizana wapi?

— Sasa hapo umesema! alidakia Volti. Na aliyefunga moteri, ni muntu wa wapi?

— Wa Bukavu.

— Upande ule ule wa mto!

Volti alishuka benchi akachuchumaa mbele yao, apate nafasi ya mikono.

— Sikia, niko nakueleza. Ule Christophe alijua. Ndani ya draiva aliweka kitu kidogo, sawa mbegu ya pilipili. Yeye akiwa huku, mashini inatembea vizuri. Akivuka daraja tu, kile kitu kinahesabu saa moja, saa mbili, kiisha, pah! Mashini inapoteza njia.

— Juu ya nini afanye vile? aliuliza Zulaikha.

— Juu umwite tena, maman! Fundi akitengeneza kitu kikapona kabisa, yeye atakula nini?

— Kumbe ndiyo maana redio yangu unaitengeneza kila mwezi, alisema Zulaikha.

Duane alicheka hadi kahawa ikamwagikia suruali. Lakini alipomaliza kujifuta, hata yeye alikuwa na lake la kuongeza.

— Mimi nilimuona Ijumaa anarudi kwao. Mfukoni alikuwa na kitu cheusi, kiko na vidude vya kubonyeza. Sasa niko najiuliza. Pengine anakaa barazani kwake kule Bukavu, kahawa mkononi, anabonyeza tu. Huku kwetu mbao zinaharibika.

— Ile ilikuwa simu yake, Duane, alisema Zulaikha.

— Simu gani iko na vidude siku hizi?

— Mnamsema vile muntu wa watu, alisema Zulaikha, na safari hii hakuwa akitania. Siku tatu alikula hapa. Jiko langu la umeme alilitengeneza akiwa anangojea chai. Nasiri! Si wewe ndiye ulisema ni yeye aliyeharibu?

Nasiri alikitazama kikombe chake.

— Nilisema, alijibu.

Ndiyo, alisema. Jumamosi, watu wakiwa wamejaa mlangoni mwa karakana, wote wakimkodolea macho, maneno yalimtoka kabla hajayapima: "Ule wa Bukavu alifunga vibaya." Hayakuzidi hayo. Kufikia alasiri yalikuwa yamezunguka soko lote. Jumapili yalivuka mpaka pamoja na akina mama wa biashara. Jumatatu Reine, mke wa Christophe-Aimé, aliyekuja kununua viazi, aliulizwa mbele ya watu kama mumewe bado anafundisha mashini za watu kupotea. Jioni hiyo Christophe-Aimé alipiga simu mara tatu. Nasiri aliitazama ikilia mezani hadi ikanyamaza.

Kwa sababu alijua. Kabla ya kuondoka Ijumaa, Christophe-Aimé alimsimamisha mbele ya mashine akamwonyesha kisanduku cha chini, kile kinachozilisha moteri umeme. Bado kilikuwa kile cha zamani, cha moteri ndogo.

— Papa Nasiri, moteri hizi ziko na njaa kubwa, alimwambia. Kisanduku hiki kinazilisha kidogo. Ukienda polepole, hakuna shida, zitafanya kazi. Ukikimbiza, zitakosa nguvu, zitaruka hatua. Na kompyuta haitajua kama zimeruka. Itaendelea tu kuchonga mahali si pake. Alhamisi nakuletea kisanduku kikubwa. Mpaka Alhamisi, polepole tu. Tumeelewana?

— Tumeelewana, alisema Nasiri. Na alikuwa ameelewa vizuri sana.

Jumamosi asubuhi akaja Dative, mjane kutoka kisiwa cha Nkombo, ubao begani. Mumewe, Ntabaza, alivua sambaza, vile visamaki vya ziwani, maisha yake yote, akafa kwa ugonjwa kabla ya Pasaka. Ubao ule aliung'oa Dative mwenyewe ubavuni mwa mtumbwi wake, pale ambapo mume alikuwa akiegemeza goti akivuta wavu. Ubao ulikuwa umelika hapo, umekuwa laini kama kiganja. Alitaka jina lichongwe, auweke kaburini. Akauacha, akaenda kanisani Cyangugu kwa shughuli zake.

Nasiri angeweza kuchonga polepole, kama alivyoambiwa. Ingechukua saa moja. Lakini habari za moteri mpya zilikuwa zimeenea, na watu walikuja kutazama, Volti akiwa mbele yao akisema: "Hii ndiyo moteri kubwa? Mbona inatambaa sawa kobe?" Watu wakacheka. Nasiri akanyoosha mkono kwenye kompyuta, akapandisha mwendo mara nne.

Na mtu asiseme mashine haikupendeza. Vumbi liliruka, watu wakapiga kelele. N ikatoka safi. T ikatoka safi. A, B. Kisha kichwa kiliporuka kwenda herufi ya tano, moteri ikatoa mlio mfupi, kama mtu aliyejikwaa, kikatua nyuma ya pale kilipotakiwa. A ya pili ikachongwa juu ya B. Moteri ikajikwaa tena, Z ikaangukia B hiyo hiyo. A ya mwisho ikamaliza kila kitu.

Mawazo ya Nasiri yalirudi kwenye benchi Volti alipomgusa goti.

— Nasiri, unamuona ule maman? Si ni yule mwenye ubao?

Dative alikuwa akivuka barabara. Ametoka kwenye mashua ya asubuhi, pindo la kitenge bado limelowa. Alikuwa ameshaambiwa juu ya ubao kwa simu, ila hakuwa ameuona. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Aliingia, akakaa humo muda. Alipotoka, alikuwa ameukumbatia ubao, maandishi yameelekea kifuani.

— Maman, pole sana, alisema Duane akisimama. Karibu ukae. Tulikuwa tunatafuta sababu. Mwenzangu anasema ni moteri, mimi nasema umeme, na tena kuna ule fundi wa Bukavu…

— Nimesikia, alisema Dative. Hata kwenye mashua banasema juu yake.

Hakukaa. Alimwelekea Nasiri.

— Papa Nasiri, mimi sijui mashini. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Herufi hizi zilizopandana ziko tatu. Ya kwanza ilipopanda juu ya mwenzake, weye ulikuwa wapi?

— Nilikuwa pale pale.

— Uliona?

— Niliona.

— Mashini haizimiki?

Wote wa benchini walikuwepo Jumamosi. Wote waliona kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa, chini kidogo ya mkono wa Nasiri, na mkono wenyewe ukiwa umetulia. Siku tatu walizungumza moteri, mto na mbegu ya pilipili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hilo.

— Inazimika, alisema Nasiri.

— Sasa?

Nasiri aliweka kikombe chini.

— Niliona haya, maman. Batu walikuwa wengi. Nilikuwa nimejisifu. Nikasema moyoni, nikiizima sasa, bote watajua imenishinda. Labda itajirekebisha yenyewe. Nikaiacha. Herufi ya pili ikapanda, nikaiacha tena.

Sauti ilikuwa imeshuka hadi Zulaikha akaacha kuosha vikombe ili amsikie.

— Na yule fundi?

— Hakuwepo. Alinikataza kuikimbiza mpaka Alhamisi. Alifunga vizuri. Mimi ndiye niliyeikimbiza, na mimi ndiye niliyemsingizia.

— Yewe! alisema Zulaikha polepole, kama mtu aliyeungua kidole.

Dative hakupaza sauti. Pengine angepaza, Nasiri angepata mahali pa kujificha.

— Mume wangu umemharibia jina ubaoni, alisema. Yule unamharibia akiwa hai, na ana watoto. Mwite sasa. Hapa, hawa wote basikie.

Nasiri alitoa simu, akapiga. Ilipoita, Dative alinyoosha mkono akabonyeza mwenyewe sauti itoke nje.

— Allo? ilisema sauti ya Christophe-Aimé. Papa Nasiri?

— Ni mimi. Ndugu yangu, Jumamosi niliikimbiza mashini. Ulinikataza, nikaikimbiza. Kiisha nikasema kwa watu ni weye uliyefunga vibaya. Ilikuwa uongo. Niko mbele ya watu sasa, niko nasema: ilikuwa uongo.

Upande wa pili wa simu mtoto alilia, pikipiki ikapita.

— Rudilia, alisema Christophe-Aimé.

Nasiri alirudia.

— Kwa nguvu kidogo. Reine iko jikoni, nataka asikie.

Akasema mara ya tatu, kwa nguvu, na sasa hata wauza nyanya wa kona waligeuza shingo. Alitamani ardhi imfunike, ikakataa.

— Nimesikia, ilisema sauti ya mwanamke kwa mbali. Kisha simu ikakatika.

Volti alirudi benchini taratibu.

— Geuza ubao huu, Dative alimwambia Nasiri. Upande wa pili una lami ya mtumbwi. Itoe. Jina ulichonge kwa mkono, mimi nikiwa nimekaa hapo.

Nasiri hakurudi kwenye mashine. Alichukua patasi na nyundo ya mbao, akaulaza ubao kwenye meza ya nje, mbele ya macho ya wote. Lami ilikwaruzika kwa shida. Mti ulikuwa mgumu, jasho lilimdondokea juu yake, na mara kwa mara alisimama kupima herufi kwa kidole kabla ya kugonga. Dative alikaa kwenye kigoda kando yake, hakusema pole wala asante. Adhana ya adhuhuri ilimkuta kwenye Z. Alipomaliza A ya mwisho, jina lilikuwa limeinama kidogo upande wa kulia, lakini lilisomeka lote.

Dative alilipitishia kiganja herufi kwa herufi.

— Sawa, alisema.

Nasiri alitaka kumbebea ubao hadi mashuani. Dative alikataa kwa kichwa, akajitwika mwenyewe, akashuka nao kuelekea ziwani.

Alhamisi Christophe-Aimé alikuja. Ilikuwa kazi aliyoiahidi, na alikuwa mtu wa kutimiza. Alifunga kisanduku kikubwa, akapima kila waya, akaijaribu mashine polepole, kisha mbio, kisha mbio zaidi. Ilikata moja kwa moja bila kujikwaa. Akamweleza Nasiri kila kitu kwa adabu ile ile ya siku zote, akakusanya bisibisi zake. Nasiri alimwomba msamaha tena. Christophe-Aimé akajibu tu kwamba amesikia.

Alipotoka, Volti na Duane walisogea haraka huku na huku, wakamwachia nafasi katikati ya benchi, na Zulaikha alikuwa ameshamimina. Christophe-Aimé aliwasalimia wote, kila mmoja kwa jina lake la nyumbani, Papa Twahiru, Papa Akilimali, Maman Zulaikha. Aliuliza habari za familia zao. Kisha akasema Reine anamngojea ng'ambo, akakiacha kikombe bila kukigusa, akashika njia ya mpakani.

Wakabaki wanaitazama ile nafasi katikati yao. Nasiri alisimama mlangoni mwa karakana, na hakuna aliyemwita aje kuikalia.