Tabibu Winfrida na Kliniki ya Mbalamwezi

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Gungu, nanyi mliokuja kwa boti kutoka Kagunga, familia imenituma mimi Frida, binti wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yetu, Winfrida Castory.

Alizaliwa Ilagala tarehe 14 Machi 1969, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Castory na Mama Merina, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha sekondari Kigoma mjini, akahitimu utabibu mwaka 1992 na baadaye akasomea magonjwa ya ngozi Moshi. Tarehe 9 Julai 1994 alifunga ndoa na Bwana Yona, wakajaliwa watoto wawili, Lukas na Diana.

Kazi yake wengi mnaijua, kwa sababu mmekaa kwenye benchi la kliniki yake ya ngozi hapa Kigoma. Daktari bingwa wa ngozi alikuwa anakuja mara chache, wagonjwa wakasubiri miezi mingi, na mwaka 2022 mimi pia nilisubiri, nikiwa kidato cha pili, mikono yangu imejaa vidonda, siwezi kushika kalamu. Shangazi alikataa kunipitisha mbele ya mtoto wa mtu mwingine, lakini siku hiyo hakugusa chakula, na zamu yangu ilipofika wenzangu walishafanya mtihani, sikurudi tena shuleni. Tangu hapo akaapa kwamba, kama hawezi kumpitisha mtu, ataifupisha foleni yenyewe.

Alipanda boti kwenda Kagunga kuwauliza wavuvi kwa nini hawaji siku wanazopangiwa, halafu wanafika wote kwa pamoja na kuanza foleni upya. Mzee Feliksi, uliyekaa pale mbele, ndiye uliyemjibu, "Dada tabibu, wakati wa giza mnatuita, na dagaa nao wanatuita, unadhani tutaitika wapi?" Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akarudi kuzungumza na Daktari Wilfred, mkuu wa kliniki, wakakubaliana wavuvi waitwe wakati wa mbalamwezi, wanapopumzika kwa kuwa dagaa hawafuati taa zao, siku za giza ziwe za wakulima na watu wa mjini, na upele na mapunye vitibiwe kwenye zahanati za vijiji, familia nzima kwa pamoja.

Mwaka jana foleni ilianza kupungua, na mwaka huu anayefika anaonwa wiki hiyo hiyo.

Mwezi wa Aprili alibainika kuwa na saratani ya ini. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, alisikia kwamba binti wa Ilagala mwenye vidonda kama vyangu ameshatibiwa, akauliza neno moja tu, kama amerudi darasani, nikamwambia amerudi, akanishika mikono yote miwili. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, wiki ya mbalamwezi, ndiyo maana leo wavuvi wote mpo hapa, hata kwa hilo hakuwakosesha kazi.

Tunamshukuru Daktari Wilfred na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kliniki, na Mama Shadia jirani yetu, aliyetupikia siku zote hizi bila kuombwa.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Benchi liko tupu, na hakuna uliyempitisha mbele.